Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mikutano ya Simu na Video Inatufaa Lini?



Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi wakimbizi methali hiyo tunaijua vizuri. Mikutano mingi inayoamua mambo yetu ya dawa, chanjo, maji na chakula hufanyika mahali tusipofika. Mingine iko Geneva, mingine Kampala. Mingine iko hapa hapa Nakivale, pale Base Camp, lakini mama wa Juru au Rubondo mwenye mtoto mgongoni hana nauli ya bodaboda ya kumfikisha.

Siku hizi mikutano mingi imehamia kwenye simu na kompyuta. Wapo wanaosema ni baraka. Wapo wanaosema ni ujanja wa kutunyima soda na pesa ya usafiri. Katika somo la mwezi huu tutalipima jambo hili taratibu, faida na hasara, ili tukiitwa kwenye mkutano wa namna hiyo tujue tukubali, tukatae au tudai nini.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kueleza aina za mikutano ya mbali;
- kutaja kazi zinazofaa kufanywa kwa simu na zile zisizofaa;
- kulinda siri ya mgonjwa unapokuwa kwenye mkutano wa simu;
- kuendesha mkutano wa simu wa kikundi chako bila kumwacha mtu nje.

1. MKUTANO WA MBALI NI NINI?

Ni mkutano ambao watu hawakai chumba kimoja. Kwetu hapa kuna aina tatu.

Ya kwanza ni simu ya pamoja. Mtu mmoja anapiga, anaunganisha wengine, wote wanasikilizana. Hata simu ya kitochi inaweza. Haihitaji intaneti, lakini ni vigumu kuunganisha watu wengi.

Ya pili ni kikundi cha WhatsApp. Watu wanaandika au wanatuma sauti, kila mmoja anajibu akipata nafasi. Wanaweza pia kupigiana kwa pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2020 simu ya kikundi ilibeba watu 4 tu. Mwezi wa Aprili mwaka huo wakaongezwa hadi 8, na mwaka 2022 simu ya sauti ikafika watu 32.

Ya tatu ni mkutano wa video, kama ule wa Zoom. Watu wanaonana na mwalimu anaweza kuonyesha picha. Aina hii inakula bando sana. Saa moja ya video ya kikundi inaweza kula gigabaiti nzima au zaidi, wakati saa moja ya sauti tupu inakula megabaiti chache tu ukilinganisha. Pia asiyelipia Zoom anakatiwa mkutano wa kikundi baada ya dakika 40.

2. TUMEFIKAJE HAPA?

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba COVID-19 ni janga la dunia nzima. Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 21 Machi. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, shule zikafungwa, usafiri ukasimama. Lakini magonjwa mengine hayakusimama. Malaria iliendelea, wajawazito waliendelea kujifungua, na mafunzo yalihitajika kuliko zamani. Hapo ndipo wengi wetu tulilisikia neno Zoom kwa mara ya kwanza.

Wakubwa nao walifanya vivyo hivyo. Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia, ambao mawaziri wa afya huenda Geneva kila mwaka, ulifanyika kwa video tarehe 18 na 19 Mei 2020. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliopangwa kufanyika San Francisco na Oakland nchini Marekani mwezi wa Julai 2020 nao ukafanyika wote kwa mtandao, kwa mara ya kwanza tangu mikutano hiyo ianze mwaka 1985.

3. NANI ANAWEZA KUFIKA UKUMBINI?

Mfano wa mikutano ya UKIMWI unatufaa sana, kwa sababu unaonyesha jinsi mlango wa ukumbi unavyoweza kufungwa.

Mwaka 1987 Marekani iliweka zuio la kuingia nchini kwa wageni wenye virusi vya UKIMWI. Mwaka 1990 mkutano ulipofanyika San Francisco, mashirika mengi yalisusia. Walisema, tutajadilije ugonjwa huu wakati wenye ugonjwa wanazuiwa mpakani? Mkutano wa mwaka 1992 uliokuwa ufanyike Boston ukahamishiwa Amsterdam. Zuio lilikuja kuondolewa mwezi wa Januari 2010, na mkutano ukarudi Marekani mwaka 2012, mjini Washington.

Mtu angedhani mambo yameisha. Mwaka 2022 mkutano ulifanyika Montréal nchini Kanada, na wajumbe wengi waliotoka Afrika walinyimwa viza au viza zilichelewa mpaka mkutano ukaanza bila wao. Nao walikuwa watu wenye pasipoti za nchi zao. Mkimbizi je? Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 28, unasema mkimbizi anayeishi nchini kihalali apewe hati ya kusafiria. Haki hiyo ipo. Lakini kuipata hati kunataka muda na pesa, na ukishaipata bado unahitaji viza.

Kwa hiyo mkutano wa video una faida moja kubwa kwetu: hauulizi viza. Mkimbizi mwenye ujuzi wa maisha ya kambini anaweza kuongea na daktari wa Geneva akiwa amekaa kwenye kibanda chake. Mikutano mingi mikubwa sasa inafanyika kwa njia mbili pamoja, wengine ukumbini na wengine kwa mtandao. Hiyo ni hatua, ila tuwe macho. Anayesikiliza kwa mtandao hayupo wakati wa chai, na mambo mengi huamuliwa wakati wa chai.

4. MAHALI MKUTANO WA VIDEO UNAPOFANYA KAZI VIZURI

Kuna mfano mzuri ulioanza mapema, mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani. Daktari Sanjeev Arora, bingwa wa magonjwa ya ini katika mji wa Albuquerque, alikuwa na wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya C. Walisubiri hadi miezi minane kumwona, na wengine walitoka mbali sana. Yeye alikuwa mmoja, hangeweza kuwamaliza.

Akaanzisha mpango unaoitwa ECHO. Kila wiki waganga wa vijijini na wa magerezani walikutana na mabingwa kwa video. Mganga anaeleza habari za mgonjwa wake bila kutaja jina. Mabingwa wanamshauri. Waganga wengine wanasikiliza, na kesho wakipata mgonjwa kama huyo wanajua la kufanya. Mgonjwa anabaki kwao na anatibiwa na mtu anayemjua.

Je, waliotibiwa vijijini walipata tiba hafifu? Hapana. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, uliofuata wagonjwa 407, ulionyesha kwamba walipona sawasawa: asilimia 58.2 vijijini na magerezani, na asilimia 57.5 kwenye hospitali ya chuo kikuu. Mpango huo umesambaa nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

Ukiangalia vizuri utaona sababu za kufaulu. Waliokutana walikuwa tayari wana ujuzi wa msingi. Walikutana kila wiki na sio mara moja tu. Kila mmoja alipata nafasi ya kusema, na mgonjwa hakutajwa jina. Tutayarudia mambo hayo mwishoni.

5. MAHALI UNAPOSHINDWA

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe, maana kuficha hakufundishi.

Nilipoanza kazi ya kujitolea, sisi ambao hapa tunaitwa VHT, mafunzo yetu ya lishe yalifanyika kwa video. Tulikuwa zaidi ya ishirini kwenye chumba kimoja tukiangalia kompyuta moja. Mwalimu alikuwa mbali. Alipofika mahali pa kuonyesha namna ya kukaza utepe wa kupima mkono wa mtoto, picha ikaganda. Iliporudi, alikuwa ameshapita. Akauliza, "Mmeelewa?" Tukajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Hakuna aliyetaka kuonekana mjinga mbele ya wenzake.

Wiki iliyofuata nilimpima mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Utepe ukasoma sentimita 11.8, rangi ya njano. Nikampa mama yake karatasi ya kwenda siku ya lishe, ambayo ilikuwa bado siku saba. Siku ilipofika, muuguzi akampima tena. Akapata 11.2, nyekundu. Aliniita pembeni, akasema, "Dada, njoo upime nione." Nikapima. Akaingiza ncha ya kidole chake chini ya utepe wangu, kikapita. "Umeuona? Umelegea. Utepe ukilegea unakudanganya kwamba mtoto ni mnene kuliko alivyo."

Inawezekana mtoto yule alikuwa mwekundu tangu siku ya kwanza. Mtoto mwekundu hasubiri siku saba, anapelekwa siku hiyo hiyo. Kwa bahati alitibiwa na akapona, na leo nikimkuta anacheza njiani mama yake huniita kunisalimia. Lakini wiki ile moja nimeshindwa kuisahau. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kufa ndani ya wiki kwa ugonjwa mdogo wa kuhara.

Baadaye tulikaa chini ya mti. Kila mmoja wetu alipima watoto kumi, na muuguzi akawapima tena nyuma yake. Asubuhi moja ile ilitufundisha kuliko video yote.

Basi tukumbuke namna sahihi:
- Pima mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto.
- Kunja mkono, tafuta nusu ya njia kati ya ncha ya bega na kiwiko, weka alama.
- Nyoosha mkono, uninginie bila kukazwa. Zungusha utepe kwenye alama.
- Utepe uguse ngozi pande zote. Usibane mpaka ngozi ikunjane, usilegee mpaka kidole kipite.
- Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano: mpeleke kwenye mpango wa lishe. 12.5 na zaidi ni kijani.
- Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote, mpeleke mara moja hata kama utepe ni kijani.

Jambo tunalojifunza ni hili: kazi ya mikono inafundishwa kwa mikono. Video inaweza kutangulia au kukumbusha. Lakini kupima, kumsaidia mama kunyonyesha au kupima malaria kwa kipimo cha haraka, mtu lazima afanye mwenyewe na mwalimu amwone.

6. SIRI YA MGONJWA

Nyumba zetu ni ndogo na kuta zake zinapitisha sauti. Ukiweka simu kwenye spika ukazungumza habari za mgonjwa wa UKIMWI, wa kifua kikuu, au msichana aliyebakwa, jirani anasikia, na jioni habari iko bombani. Kwenye ukumbi mwenyekiti anaweza kufunga mlango. Kwenye simu hajui nani amekaa karibu nawe.

Kwa hiyo:
- Usitaje jina la mgonjwa, nyumba yake wala kijiji chake kwenye simu ya pamoja au kikundi cha WhatsApp. Sema "mama mmoja wa miaka thelathini".
- Usitume picha ya mgonjwa au ya karatasi yake ya kliniki. Picha ikishatoka huwezi kuirudisha.
- Vaa visikilizio vya masikioni au nenda mahali pa wazi mbali na watu.
- Kama simu ni ya familia, futa ujumbe wa kazi kabla ya kuirudisha.
- Habari za ukatili wa kijinsia usizipeleke kwenye mkutano wa simu kabisa. Nenda mwenyewe kwa mhusika, uso kwa uso.

7. NANI ANABAKI NJE?

Tunasema simu inaleta watu wote karibu, lakini kila njia ina watu wake inaowaacha.

Wa kwanza ni asiye na laini. Kwa muda mrefu wakimbizi wengi walitumia laini za majina ya watu wengine, kwa kuwa hati zao hazikukubaliwa. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza makampuni ya simu yakubali kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho. Kama bado hujasajili laini kwa jina lako, fanya hivyo.

Wa pili ni asiye na pesa ya bando. Kuanzia Julai 2018 hadi Juni 2021 kulikuwa na ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp na Facebook. Ushuru huo uliondolewa, ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Kwa mjitolea asiye na mshahara, shilingi hizo ni chumvi na sabuni.

Wa tatu ni wanawake. Katika nyumba nyingi simu ni moja na ni ya baba. Mkutano ukiitishwa saa kumi na mbili jioni, baba yuko na simu senta, na mama yuko jikoni. Anayeitisha mkutano amuulize mama saa inayomfaa.

Wa nne ni wasiosikia au wasioona vizuri, na wale wasiojua lugha ya mkutano. Kambini kuna Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kifaransa na nyingine. Ukumbini unamnong'oneza jirani yako, "Amesema nini?" Kwenye simu huna wa kumnong'oneza. Mkalimani apewe nafasi baada ya kila sentensi mbili au tatu, na mkutano upangiwe muda mara mbili.

Tena mtandao wenyewe unaweza kukatika. Mwezi wa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kila kikundi kiwe na njia ya pili: simu ya kawaida, na ikishindikana, mtu wa baiskeli.

8. NAMNA YA KUENDESHA MKUTANO WA SIMU

1) Tangaza siku mbili kabla: siku, saa, na mambo mawili au matatu tu ya kuzungumza.
2) Msizidi watu wanane kwenye simu moja. Mkiwa wengi gawanyeni kwa vijiji.
3) Ita majina mwanzoni. Asiyepatikana aandikwe, na mtu mmoja apewe kazi ya kumpelekea habari kwake.
4) Asiyeongea azime maikrofoni yake, kelele za kuku na watoto zipungue.
5) Msiulize "Mmeelewa?" Muulize mmoja mmoja kwa jina: "Dada, hebu turudishie, mtoto mwekundu unamfanyaje?" Akirudisha sawasawa, ameelewa.
6) Asiongee mkubwa peke yake. Anza na wadogo na kina mama, wazee wamalizie.
7) Mwishoni soma tena maazimio: nani atafanya nini, lini.
8) Msipite dakika 40.
9) Angalau mara moja kwa miezi mitatu mkutane uso kwa uso.

9. MASWALI TUNAYOULIZWA

Swali: Mkutano ukiwa wa simu, pesa ya usafiri inakwenda wapi?
Jibu: Ni swali halali, wala si la tamaa. Anayeitisha mkutano anaokoa nauli, chakula na ukumbi. Ni haki alipe bando la washiriki, kabla ya mkutano na sio baada. Mwulizeni kwa heshima, mkiwa pamoja, na muandike alichojibu.

Swali: Nikipata mgonjwa mahututi wakati wa mkutano nifanyeje?
Jibu: Acha mkutano. Mkutano utakusubiri, mgonjwa hatakusubiri.

Swali: Je, mikutano yote ihamie kwenye simu?
Jibu: Hapana. Taarifa za wiki, kukumbushana chanjo, kumuuliza muuguzi swali, na kusikiliza wataalamu wa mbali zinafaa kwa simu. Mafunzo ya mikono, ugomvi wa wanakikundi, habari za siri na kuchagua viongozi vinataka watu waonane. Na anayefiwa usimpe pole kwa WhatsApp kama unaweza kutembea mpaka kwake.

10. MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

a) Katika kijiji chenu ni nani hajawahi kushiriki mkutano wowote wa afya? Kinachomzuia ni nini?
b) Katika mikutano mitatu iliyopita, ni upi ungeweza kufanyika kwa simu? Ni upi usingeweza?
c) Chukueni utepe mmoja na mtoto mmoja. Kila mmoja apime bila kuwaambia wengine, kisha mlinganishe. Mkitofautiana, mwiteni muuguzi.

Ndugu zangu wajitolea, fanyeni zoezi la (c) mwezi huu huu, kabla ya siku ya lishe. Anayeona aibu kupima mbele ya wenzake aanze yeye.